Elimu ya Tabia na Amana ya Uongozi: Mazingatio juu ya Nchi ya Indonesia

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya jamaa msikitini baada ya sala ya Adhuhuri.)



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima na nafasi ya kukusanyika katika nyumba yake. Tunamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Mtukufu Muhammad (s.a.w.), ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hawajamsikia akitangaza utume. Walimpa jina hilo kwa kuona namna alivyorudisha amana zao na namna alivyouza na kununua. Jambo hilo tunaliweka mbele kwa sababu ndilo litakalotuongoza katika mazungumzo yetu ya leo, yaani jinsi tabia njema inavyofundishwa katika taifa, na jinsi inavyoweza kufundishwa kwa miaka mingi isifahamike.

Tumechagua kuzungumza juu ya Indonesia. Huenda baadhi yenu mkauliza, kwa nini twende mbali namna hiyo? Lakini Indonesia si mbali nasi kama ramani inavyoonyesha. Ndiyo nchi yenye Waislamu wengi kupita karibu zote duniani. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu zaidi ya milioni 270, na katika kila watu kumi wapatao tisa ni Waislamu. Wengi wao wanafuata madhehebu ya Imam Shafii kama watu wa pwani yetu. Masharifu waliotoka Hadhramaut kwa majahazi, wengine walishuka Lamu, Unguja na Ngazija, na ndugu zao wakaendelea hadi Java na Sumatra. Barzanji inayosomwa kwetu inasomwa na huko pia. Basi tunapotazama mambo yao tunatazama nyumba ya jamaa, na mambo ya jamaa yanafaa kutazamwa kwa heshima, tena bila kufumba macho.

Nchi hiyo ina visiwa zaidi ya 17,000 na lugha zaidi ya 700. Ilipojitangazia uhuru tarehe 17 Agosti 1945, swali la kwanza lilikuwa ni kitu gani kitakachowafunga pamoja watu wa namna hiyo. Jibu lao lilikuwa misingi mitano iitwayo Pancasila, ambayo Sukarno aliieleza katika hotuba yake ya tarehe 1 Juni 1945: kumwamini Mungu Mmoja, utu wenye uadilifu na adabu, umoja wa Indonesia, utawala wa raia unaoongozwa na hekima katika mashauriano na uwakilishi, na haki ya kijamii kwa raia wote. Mpangilio huu ni ule uliowekwa baadaye katika Katiba, maana katika hotuba yake yeye alikuwa ameyapanga kwa namna nyingine. Tena alisema kwamba mitano yote ikikamuliwa ikabaki neno moja tu, neno hilo ni gotong royong, yaani kubebeana mzigo kwa pamoja. Sisi tungeliita ujima, na wenyeji wa Tanga wanalo neno lao, msaragambo.

Yafaa tusimame kidogo hapa juu ya maneno yenyewe. Msingi wa pili kwa lugha yao una maneno adil na adab. Wa nne una rakyat, hikmat, musyawarah na wakil. Je, ni nani katika msikiti huu anayehitaji mkalimani? Ni uadilifu, adabu, raia, hekima, mashauri na wakili. Makubaliano ya kikao wanayaita mufakat, nasi twasema mwafaka. Bunge lao ni Dewan, nasi tuna diwani katika kila kata. Lugha zetu mbili zilichota katika kisima kimoja, na zilichota hasa maneno ya namna binadamu anavyopaswa kuishi na mwenziwe na anavyopaswa kutawala. Lakini neno la maovu hawakulichota huko. Rushwa katika mazungumzo ya kila siku wanaiita korupsi, neno la Wadachi waliowatawala, na ile ndogo ya barabarani huiita pesa ya sigara. Kwetu huitwa chai. Inaelekea kila taifa hupenda kuupa uovu wake jina la kitu kidogo.

Jambo jingine la mwaka ule wa 1945 ambalo ni lazima tulitaje. Katika rasimu ya tarehe 22 Juni, msingi wa kumwamini Mungu ulifuatwa na maneno saba yaliyowalazimu Waislamu kuifuata sharia ya dini yao. Siku moja baada ya uhuru, tarehe 18 Agosti, Mohammad Hatta aliwaita viongozi wa Kiislamu na kuwaeleza kwamba Wakristo wa visiwa vya mashariki walikuwa wanafikiria kujitenga. Miongoni mwa walioitwa alikuwa Ki Bagus Hadikusumo, kiongozi wa Muhammadiyah. Kwa muda mfupi, na bila shaka kwa uchungu, walikubali maneno yale saba yaondolewe, na mahali pake likawekwa neno la kusisitiza Umoja wa Mungu. Wako Waislamu huko ambao hadi leo wanaona babu zao walitoa kingi mno. Sisi hatuna haki ya kuwahukumu watu waliokaa katika chumba kile. Tunaona tu kwamba watu wenye nguvu ya wingi walijizuia kwa ajili ya wachache, na kujizuia kwa mwenye nguvu ni tabia isiyopatikana bila malezi.

Malezi hayo yalitoka wapi? Mwaka 1912, katika mji wa Yogyakarta, Kiai Haji Ahmad Dahlan alianzisha Muhammadiyah. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake Sura al-Ma'un, ile inayozungumzia yatima na maskini, siku baada ya siku, somo lilelile. Mwishowe wanafunzi wakachoka, wakamwuliza kwa nini haendelei na sura nyingine. Akawauliza kama wameifahamu. Wakasema wameihifadhi yote. Akawauliza tena: je, mmeitenda? Akawatuma waende mitaani wawatafute maskini na yatima, wawaogeshe, wawavike na kuwalisha, ndipo warudi darasani. Kutoka katika somo lile moja zimetoka shule, hospitali na nyumba za mayatima zisizo na idadi ndogo.

Mwaka 1922, mjini humo humo, Ki Hajar Dewantara alifungua shule za Taman Siswa. Huyu miaka tisa kabla Wadachi walikuwa wamemhamisha kutoka nchini kwake kwa makala aliyoandika ya kuwakejeli. Alifundisha kwamba mlezi akiwa mbele awe mfano, akiwa kati ya watu aamshe hamu yao, na akiwa nyuma awatie nguvu. Hadi leo tarehe ya kuzaliwa kwake, 2 Mei, ni siku ya elimu nchini Indonesia. Aidha, katika pesantren, ambazo ni vyuo vya bweni vya Kiislamu, mwanafunzi aliishi uani kwa kiai wake, akamwona anavyokula, anavyokasirika na anavyosamehe. Hayo yalikuwa masomo ya tabia kabla serikali haijaandika mtaala wowote.

Sasa tuje kwenye mtaala wa serikali, kwa maana hapo pana mazingatio makubwa. Katika mwaka 1978, chini ya Rais Suharto, ilipitishwa programu ya kuwafundisha raia wote Pancasila. Programu hiyo ilijulikana kwa jina la P4. Misingi mitano ilichambuliwa ikawa vipengele 36, na watumishi wa serikali, walimu, wanafunzi na viongozi wa jumuiya wakapelekwa kozini, baadhi ya kozi zikichukua saa 100. Watoto walikariri vipengele vile kama sisi tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Mwaka 1985 sheria ikazilazimisha jumuiya zote, hata za dini, kuitangaza Pancasila kuwa ndiyo msingi wao pekee. Aliyepinga aliitwa adui wa taifa. Kwa kweli haijatokea mara nyingi duniani kwamba serikali iwafundishe watu wake maadili kwa bidii namna ile.

Na katika miaka hiyo hiyo, juu kabisa, jamaa na marafiki wa mtawala walikuwa wakigawana leseni, misitu na mabenki. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimweka Suharto mbele ya watawala wote katika orodha yake ya waliodhaniwa kupora nchi zao, likikadiria dola bilioni 15 hadi 35. Alipojiuzulu tarehe 21 Mei 1998, wanafunzi waliokuwa wameikalia paa la bunge, ambao wote walikuwa wamefundishwa vipengele 36 tangu utotoni, walikuwa wakipiga kelele za herufi tatu, KKN, yaani rushwa, njama na upendeleo wa ndugu. Mwaka huo huo P4 ikafutwa. Watu wanasema programu ile ilishindwa. Sisi tunaona ilifaulu kufundisha jambo moja ambalo haikukusudia: watoto walijifunza kwamba maadili ni kitu cha kusemwa mbele ya mkubwa.

Wala tusidhani kwamba mifano mizuri ilikosekana. Hatta, aliyekuwa makamu wa rais tangu 1945 hadi alipojiuzulu 1956, anakumbukwa kwa mambo mawili madogo. Mke wake alikuwa akiweka akiba ili anunue cherehani. Mwezi Machi 1950 serikali ikakata thamani ya fedha, noti ikawa nusu, na ile akiba haikutosha tena. Mke akamwuliza kwa nini hakumwambia mapema, hali yeye alijua. Akajibu kwamba ile ilikuwa siri ya nchi, na siri ya nchi haina uhusiano na cherehani ya nyumbani. Jambo la pili ni kwamba alitamani viatu vya kampuni ya Bally, akalikata tangazo lake gazetini na kulihifadhi. Alipofariki mwaka 1980 tangazo lilikutwa bado limehifadhiwa. Viatu hakupata kuvinunua.

Mwingine alikuwa Hoegeng, mkuu wa polisi kuanzia 1968 hadi 1971. Alipoteuliwa hapo nyuma kuongoza idara ya uhamiaji, alimtaka mkewe afunge duka lake la maua, kwa kuwa alijua wenye shida zao wangenunua maua ili kumnunua yeye. Abdurrahman Wahid, aliyekuwa rais baadaye, alipenda kusema kwa utani kwamba Indonesia ina polisi watatu tu wasiohongeka: sanamu ya polisi, tuta la barabarani (ambalo kwa lugha yao huitwa polisi aliyelala) na Hoegeng. Mwaka 2020 mtu mmoja katika visiwa vya Maluku Kaskazini aliuandika utani huo katika ukurasa wake wa intaneti, naye akaitwa kituoni kuhojiwa. Baadaye akaachiwa. Nadhani polisi wale wangefanya vema zaidi kama wangecheka.

Baada ya 1998 taifa lilijaribu njia nyingine. Badala ya kutegemea kukariri peke yake, liliunda chombo chenye meno. Sheria ya mwaka 2002 ilianzisha Tume ya Kutokomeza Rushwa, KPK, nayo ikawafikisha mahakamani mawaziri, magavana, majaji na wabunge. Hapo ndipo yalipofichuka mambo ambayo sisi watu wa misikiti yanatuhusu zaidi. Mwaka 2006 aliyekuwa Waziri wa Dini alihukumiwa kifungo kwa matumizi mabaya ya fedha zilizotokana na Haji na za Waislamu. Mwaka 2016 Waziri wa Dini mwingine aliyestaafu alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa mambo ya Haji, nacho kikaongezwa kuwa miaka 10 katika rufaa. Na kati ya hao wawili, mwaka 2013, mbunge mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 pamoja na mwanawe aliyepewa 8. Kesi yao ilihusu rushwa katika zabuni za wizara, na moja ya zabuni hizo ilikuwa ya kuchapisha Kurani Tukufu. Ndugu zetu, wala hatuna neno la kuongeza hapo.

Chombo hicho nacho hakikuachwa salama. Mpelelezi wake mashuhuri, Novel Baswedan, alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu kutoka msikitini baada ya sala ya Alfajiri, tarehe 11 Aprili 2017, watu wawili kwenye pikipiki wakammwagia tindikali usoni. Jicho lake la kushoto likaharibika. Waliopatikana na hatia walikuwa askari polisi, na mkubwa kati ya vifungo vyao ulikuwa miaka miwili. Mwaka 2019 bunge likabadilisha sheria ya tume hiyo ingawa maelfu ya wanafunzi walijaa mitaani kupinga. Kisha ukaja mtihani. Wafanyakazi 1,351 wa tume walipimwa uzalendo wao na ufahamu wao wa misingi ya taifa. Walioambiwa hawakufaulu walikuwa 75, na 57 kati yao wakaondolewa kazini mwisho wa Septemba 2021. Novel alikuwa mmoja wao. Yule aliyepoteza jicho kwa kulinda mali ya raia aliambiwa hajaielewa Pancasila. Ni kweli kwamba kabla ya mwaka kwisha serikali iliwaajiri 44 miongoni mwao katika idara ya polisi, lakini tume walikuwa wameshaiacha.

Wapiga kura pia wana sehemu yao katika hesabu hii. Indonesia inayo desturi ambayo watu wameipa jina la shambulio la alfajiri: siku ya uchaguzi, kabla jua halijachomoza, mawakala wa wagombea hupita nyumba kwa nyumba na bahasha. Wenye kupokea wengi huwa ndio kwanza wamemaliza kusali. Mtu aliyenunuliwa saa kumi na moja alfajiri hawezi saa nne kumdai mbunge wake uadilifu.

Kwa sababu hiyo suala la tabia lilirudi tena shuleni. Mwaka 2010 serikali ilizindua mpango wa taifa wa elimu ya tabia, na wizara ikaorodhesha maadili 18, kuanzia uchamungu na ukweli hadi kupenda kusoma na kutunza mazingira. Mwaka 2017 amri ya rais ikayataja tena yote 18. Amri hiyo ilizaliwa na ugomvi wenye mafunzo. Waziri wa elimu, mtu wa Muhammadiyah, alitaka watoto wakae shuleni saa nane kwa siku ili walelewe vizuri zaidi. Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya masheikh iliyoanzishwa 1926, ikapinga vikali, kwa sababu jioni ndiyo wakati wa madrasa, na madrasa zingekufa. Mwishowe rais aliziachia shule zichague siku tano au sita. Wazazi wa hapa wanaojua mbio za mtoto kutoka shule kwenda chuoni na msahafu mkononi watafahamu vema jambo lililokuwa likigombewa. Tena mwishoni mwa 2024 waziri mwingine alitangaza mazoea saba ya mtoto bora, la kwanza likiwa kuamka mapema na la mwisho kulala mapema. Ni mazoea mazuri. Bibi zetu waliyajua bila wizara.

Lililotupendeza zaidi ni vibanda vya uaminifu. Kuanzia mwaka 2008 hivi, ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilihimiza shule kufungua vibanda vya vitafunio visivyo na mwuzaji: mtoto achukue kitumbua chake, atie fedha ndani ya boksi, ajirudishie chenji. Vilifunguliwa vingi sana. Vingi pia vilifilisika. Wengine waliona aibu, lakini sisi tunaona kilichofilisika kilikuwa na faida kuliko kozi ya saa 100, kwa kuwa boksi lililopungukiwa lilisema kweli juu ya watoto na juu ya nyumba walizotoka, jambo ambalo hakuna aliyelikiri katika kozi.

Wala uadilifu haupimwi kwa fedha tu. Tarehe 6 Februari 2011, katika kijiji cha Cikeusik, mkoa wa Banten, umati wa watu zaidi ya elfu uliivamia nyumba moja na kuwaua waumini watatu wa Jumuiya ya Ahmadiyya. Waliopatikana na hatia walipewa vifungo vya miezi mitatu hadi sita, na mmoja wa waliovamiwa naye akafungwa miezi sita. Msingi wa pili wa taifa hilo, tumeona, ni utu wenye uadilifu na adabu, nao hausemi utu wa nani.

Tumeliacha mwisho jambo lililotokea mwaka huo huo katika mji mkubwa wa Surabaya, nalo ndilo lililotufanya tuchague somo hili. Mtoto mmoja wa shule ya msingi, hodari darasani, alirudi nyumbani na siri. Mwalimu wake alikuwa amemwagiza awape wenzake majibu katika mtihani wa taifa, na hata walifanya mazoezi ya kuyapitisha karatasi hadi karatasi. Mama yake, mshonaji wa hali ya kawaida, alikwenda kuuliza shuleni. Hakuridhika na alichojibiwa, akaendelea kusema hadi habari zikafika redioni na kwa wakubwa wa mji. Walimu waliohusika wakaadhibiwa.

Ndipo majirani wakakusanyika. Hawakuja kumshukuru. Walikasirika kwamba ameiaibisha shule na kuhatarisha matokeo ya watoto wao, wakampigia kelele ahame. Mama yule aliomba radhi mbele yao, na radhi haikupokelewa. Ikambidi aondoke na familia yake nyumbani kwake. Watu wengi wa mbali walimsifu, hata huko Jakarta, lakini sifa za Jakarta hazimrudishii mtu ujirani wake.

Mwalimu aliyetoa agizo lile alikuwa amesoma maadili ya taifa tangu utotoni. Majirani wale nao waliyasoma, na bila shaka wengi wao walisali safu moja na mume wa mama yule. Na mtoto alikuwa amefundishwa nyumbani kwamba mtihani ni wa mtu mwenyewe. Tumejiuliza mara nyingi, na tunawaachia nanyi mjiulize mtakaporudi kwa wake zenu, waume zenu na watoto wenu: kama nyumba ile ingekuwa katika mtaa wetu huu, siku ile sisi tungesimama upande gani wa mlango?

Muadhini anatuashiria kwamba Alasiri imekaribia. Wenye maswali tutakaa nao barazani baada ya sala, Inshallah.